Kwa Yaya Mulonda: Shaba Nne za Gogo la Zongwe

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa,

Ujumbe wako umenifikia. Unaniomba niende Zongwe, nikate kipande kipya cha uyoga kwenye gogo la shamba la Mama, nikifunge katika karatasi kavu na kukupelekea kwa mkono wa wasafiri. Unasema ni haraka. Unasema mbegu uliyoihifadhi huko maabara imeingiliwa na kuvu nyingine, umejaribu magogo ya Mpala na ya Moba bila mafanikio, na bila uyoga wa gogo lile kazi yako itasimama katikati. Nimeusoma ujumbe huo, nikaiacha simu mezani, nikaenda kusahihisha karatasi za wanafunzi wangu wa kemia, nikarudi nikausoma tena. Jibu langu ni fupi. Lakini nikikupa fupi utanikasirikia bila kuelewa, na mimi sitaki kukasirikiwa bure. Basi keti.

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, hapa Kalemie na hata Manono. Usiniulize kwa nini. Picha yako nayo ilisomwa na kila mtu.

Unakumbuka likizo zetu kule Zongwe? Papa alibaki mjini na reli yake, sisi watatu tulipanda boti na magunia, na Mama akianza kuimba mara tu Kalemie ilipofichika nyuma ya kilima. Kwao kulimpa mwili mwingine. Mjini alitembea kama mke wa mfanyakazi wa reli, Zongwe alitembea kama mtu mwenye ardhi. Na mwishoni mwa ardhi hiyo, juu kidogo ya ziwa, ndipo lilipolala gogo la mkuyu ulioangushwa na radi kabla mimi sijazaliwa. Nje lilikuwa jeusi, limejaa ule uyoga mgumu kama masikio ya mzee. Ukilivunja, ndani lilikuwa jeupe, jepesi, laini kama mkate wa jana. Mama alimega weupe ule, akauwekea kaa la moto, akaubeba kutoka shambani hadi nyumbani na moto haukuzimika njiani.

Wewe ulilala kifudifudi mbele ya gogo hilo mchana kutwa. Ulimuuliza Mama uyoga unakula nini. Alikujibu bila kuinua kichwa kwenye mihogo yake: "Iko nakula watoto wenye kuuliza maswali saa ya kazi." Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukucheka. Uliendelea kuchokonoa, ukisema kwamba uyoga unakula kile cheusi na kutuachia cheupe, na kwamba lazima uwe na meno ya namna fulani.

Halafu ile siku ya chai. Ulitumbukiza kipande cha uyoga katika kikombe cha Mama, ukakaa pembeni unangoja. Chai ikageuka rangi, ikazidi, ikawa nyeusi ya kutisha. Mama aliporudi na kuuliza ni kazi ya nani, nilikuonyesha kwa kidole kabla hajamaliza swali. Ulipigwa mwiko wa haki. Na huku machozi yanakutiririka, bado ulikuwa unachungulia kikombe. Ndiyo maana nilipopata habari kwamba huko Ulaya, baada ya Moba na Lubumbashi na vyuo vyote vile, umerudi kwenye uyoga wa gogo letu, sikushangaa hata kidogo. Nilijua ulikuwa hujamaliza na chai ile.

Ulinieleza yote kwa sauti ndefu za WhatsApp, na mimi nilizisikiliza nikipika. Kwamba meno ya uyoga ni kimeng'enya, anzimu kama tunavyosema darasani, protini moja iliyojikunja kama uzi wa ukili. Kwamba ndani yake kuna atomu nne za shaba. Moja iko peke yake, karibu na ngozi ya protini, na ndiyo inayong'oa kitu kidogo kutoka kwenye gundi ya mti. Tatu zimekaa pamoja, ndani zaidi, zinapokea kile kilichong'olewa na kukikabidhi kwa hewa, na mwisho wa yote kinachotoka ni maji. Ile shaba ya peke yake ndiyo inayoufanya unga wote uwe wa bluu. Niliyapenda maelezo hayo. Niliyapeleka darasani kesho yake, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakuna aliyesinzia.

Ulinieleza pia kuhusu fuwele. Namna unavyoacha tone la protini likauke polepole ndani ya kisahani, ukiomba Mungu, hadi vinatokea vijiwe vya bluu ambavyo ukivigusa vibaya vinapasuka. Namna mnavyovigandisha na kuvipeleka kwenye mashine kubwa kuliko uwanja wa mpira, mkavipiga miale, na kutokana na jinsi miale inavyotawanyika mnapiga hesabu ya mahali pa kila atomu. Jambo moja lilinikaa moyoni. Ulisema miale ileile inayowaonyesha shaba ndiyo inayoiharibu. Mkiangalia sana, bluu inafifia mbele ya macho yenu, na kile mnachokiona si tena kile mlichokuja kukiona. Ulisema ni lazima kuangalia upesi, kisha kuacha.

Mama alifariki siku zilezile za mashine hiyo. Nalisema hapa bila kulizungusha. Ulikuwa umeingoja zamu kwa muda mrefu, fuwele zilikuwa tayari, na ukaniambia zamu ikipita hairudi. Nikakuambia Mama naye akizikwa harudi. Ukasema nikuwekee simu karibu na jeneza uzisikie nyimbo. Niliiweka. Mtandao ulikatika kabla ya ubeti wa pili, na mimi nikaendelea kuishika ile simu juu kama mjinga, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Hatukumzika kwenye makaburi ya chini. Ziwa lilikuwa limepanda, limekwisha kula safu nzima ya misalaba ya wazee, na Mama mwenyewe alikuwa amesema hataki kulala akisubiri maji. Alitaka mwisho wa shamba lake, juu, karibu na gogo. Ndipo alipo. Na kwetu unajua jinsi mambo yalivyo: msalaba wa mzazi hausimikwi na yeyote tu. Mtoto wa kwanza ndiye anayepasua ardhi kwa mkono wake siku ya kuondoa matanga. Kabla ya siku hiyo kaburi ni tuta la udongo, na mawe machache pembeni. Nilikuuliza utakuja lini. Ulisema ukimaliza picha. Mjomba, anayelitunza shamba sasa, aliwaambia wote waliokuja na nyundo na misumari yao warudi nayo, Mulonda yuko njiani.

Picha ikaisha. Nakiri ilikuwa nzuri. Zile tepe zimejikunja, kijani na kijivu, na ndani yake duara nne za bluu, tatu zimekumbatiana na moja imejitenga. Uliiweka mtandaoni na jina la Zongwe chini yake. Nililia nilipoliona jina hilo. Kisha watu wa redio ya hapa wakakupigia, mtoto wa Kalemie aliyefika mbali, ukazungumza nao. Mimi niliiweka redio kwenye dirisha, sauti juu, majirani wasikie. Ulisema, kwa Kiswahili chetu kizuri ambacho hukukisahau, kwamba uyoga wa Zongwe una shaba ndani yake. Ulisema moja iko karibu na juu, tatu ziko ndani zaidi. Ulisema wazungu wamejenga mashine kubwa ili waione. Jirani yangu alipiga makofi. Nami nilipiga makofi, Yaya. Mwalimu wa kemia mzima, mzaliwa wa mkoa huu, nilipiga makofi na sikufikiri neno hilo linaenda kuangukia katika masikio ya nani.

Umekaa mbali, labda umesahau. Hapa, mtu akisikia mmea una shaba, hafikirii mmea. Wachimbaji waliopita vilima vya kusini wanajua maua yanayoota juu ya shaba tu, na huyafuata kama mchungaji anavyofuata kengele. Mmea ukinywa shaba, basi chini yake kuna shaba. Hiyo ni akili, si ujinga. Mimi mwenyewe ningekuwa na sululu na njaa, ningewaza hivyohivyo.

Mjomba alinipigia nikiwa darasani. Hajawahi kunipigia saa ya kazi. "Sifa, kuja mbio," alisema. "Kuko watu na mapiki na majembe, wako nachimba kwa gogo ya mama yako. Wanasema shaba ya Mulonda iko chini." Nilimwomba awazuie. Alisema ni mzee, wao ni wengi, na tayari wamechomeka kijiti cha alama ya kuchimba, chenye kitambaa chekundu, kwenye miguu ya dada yake.

Sijui nilitokaje shuleni. Najua nilipata boti iliyokuwa inashuka na chumvi na sabuni kuelekea Moba, na kwamba ziwa lilikuwa baya. Mwenye boti alitaka kungoja upepo utulie. Nikamwambia mama yangu anafukuliwa. Hakuniuliza la pili, aliwasha mashine. Mawimbi yalituingilia, abiria mmoja akawa anayatoa maji kwa sufuria, na mimi nilichokuwa nakiona mbele ya macho ni kile kijiti tu. Niliwaza: wakifika kwenye mbao kabla yangu, nitafanya nini? Nitarudishaje udongo juu ya uso wa mama?

Niliwakuta shambani. Wachimbaji kumi hivi, mihogo ya Mama imekanyagwa, na mtaro umeshaanza kutoka kwenye gogo kupanda juu. Mkubwa wao ni mtu wa Manono anayeitwa Papa Ngoie. Nitamtendea haki: ana adabu. Alivua kofia, akanipa pole kwa safari, akaniletea ndoo niikalie. Sikukaa. Nikamwambia aondoe kijiti chake juu ya mama yangu.

"Madamu, siye hatuko wezi," akasema. "Chefu wa kijiji alituambia, fasi kuko kaburi, musiguse. Tulikubali. Sasa kaburi iko wapi? Musalaba iko wapi?"

Nikamwonyesha tuta.

"Hii ni udongo, Madamu. Udongo kila muntu anaweza kuilundika, akisikia watu wa shaba wako nakuja."

Mjomba alikuwa nyuma yangu akiapa kwa majina ya wazee wote kwamba dada yake yuko pale. Papa Ngoie alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema mjomba ni mwenye shamba, na mwenye shamba ataapa nini kingine. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilizoea kuusikia msemo huo kwenye mambo ya nyama na urithi. Siku hiyo ulikuwa juu ya kifua cha Mama.

Ndipo akanitolea simu yake, kioo kimepasuka pembeni, na ndani yake picha yako. Sikuielewa kazi yake mara moja. Alikuwa ameishika kama watu wanavyoshika ramani. Zile tepe zako alizisoma kuwa ni mishipa ya mwamba. Duara tatu zilizokumbatiana akaziweka chini ya gogo, kwenye uyoga mwingi. Ile ya nne, ya peke yake, akaifuata kwenye picha kwa kidole, akainua macho, akaifuata kwenye ardhi, na kidole kikaishia kwenye tuta. Na wewe mwenyewe redioni ulikuwa umesema ya peke yake iko karibu na juu. Kwa nini waanze na zile za chini sana, wakati moja inawangoja hapo, kina cha jembe?

Nilimweleza. Nilieleza kama ninavyowaeleza watoto wa mwaka wa kwanza, taratibu, kwamba picha ile ni ya kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho, kwamba ukiuchoma uyoga wote wa mwambao huu hupati shaba ya kutengenezea pete. Wachimbaji waliacha kazi wakanisikiliza. Papa Ngoie aliinamisha kichwa akifikiri kwa kweli. Kisha akauliza, bila dharau yoyote: "Kama ni kidogo vile, Madamu, sababu gani wazungu walijenga mashini kubwa vile kwa kuiangalia?"

Wewe ungemjibu nini? Mbele ya mtu aliyeacha watoto Manono kwa ajili ya tumaini la jiwe, nimwambie watu wamejenga jumba la miale ili wajue tu? Wachimbaji walirudi kwenye mtaro. Mmoja alikuwa tayari kwenye mawe ya pembeni ya tuta, anayaondoa moja moja na kuyapanga vizuri.

Nikamwomba Papa Ngoie anipe nafasi nikupigie wewe, useme nao mwenyewe. Alikubali. Nilipanda mbio hadi kwenye lile jabali ambako mtandao unashika, nikakupigia, simu ikaita, ikakatika, nikapiga tena. Uliitika kwa sauti ya chini, ulikuwa kwenye mkutano. Nilikuambia wachimbaji wako shambani, wanachimba gogoni kuelekea kwa Mama. Na neno lako la kwanza lilikuwa hili: "Gogo waliligusa?"

Nikasema, Yaya, kaburi. Ukasema, "Ndiyo, lakini gogo, Sifa. Usiwaache waguse lile gogo." Kisha mtandao ukaenda zake, na mwisho wa siku ile sijakusimulia hadi leo.

Nimekuwa nikiligeuza neno hilo kila upande tangu siku ile. Juu ya jabali lilinichoma hivi kwamba nilikuona mtu nisiyemjua. Sasa nakutafutia njia. Labda kwako kaburi la Mama ni kitu kisichogusika, kama jua, halihitaji kuulizwa. Gogo ni kitu, Mama ni Mama, nani atathubutu? Mtu aliyekuwa amesimama pale anajua linagusika. Linaguswa na mtu mwenye adabu, anayepanga mawe vizuri.

Nilishuka. Kuanzia hapa, soma polepole.

Nilimkuta Papa Ngoie amepima, ameshika jembe. Nikamwomba simu yake. Nikamuuliza, nikisema kama watu wetu wanavyosema: "Papa, kaskazini ya hii picha iko wapi?"

Hakuna mchimbaji asiyejua swali hilo lina maana gani. Nikamwambia aliyeitengeneza picha ni kaka yangu, tumbo moja, na mimi ndiyo kazi ninayoifundisha. Nikamwambia picha hii haina kaskazini. Haina juu wala chini. Ukiigeuza hivi ni sawa, ukiipindua hivi ni sawa, kaka yangu mwenyewe huizungusha kwenye kompyuta yake kama chapati. Hadi hapo, Yaya, kila neno lilikuwa kweli tupu na ungeweza kulitia sahihi.

Kisha nikaigeuza simu mkononi mwangu, taratibu, hadi ile duara ya peke yake ikaondoka upande wa Mama, ikashuka, ikalala upande wa ziwa, chini ya kichwa cha gogo, palepale penye uyoga mnene ulipokata kipande chako. Nikasema: "Iko hapa. Yote ine iko hapa, chini ya gogo."

Alinitazama sana. Aliuliza kwa nini sikusema mwanzo. Nikamjibu: "Sababu mutaharibu gogo, na kaka yangu hana ingine."

Nikaanza kulia. Sikuigiza, sijui kuigiza. Nililia kwa sababu nilikuona umelala kifudifudi, nikakuona unachungulia kikombe, na nilijua ninachokifanya. Kama ningesema macho makavu, mtu kama yule asingeniamini. Aliponiona nalililia gogo bovu kama mtu anayelilia nyumba yake, akaamini kwamba chini yake kuna kitu. Alinishika bega, akasema pole, akawaita wachimbaji wote washuke.

Mmoja alirudisha mawe ya tuta kwanza. Niliposhukuru, alisema ni kawaida.

Walilipasua gogo lote. Liliachia bila kelele, weupe ule ukamwagika kwenye majani, na uyoga ukasambaa kila upande. Walichimba pale chini hadi wakakuta mchanga, chini ya mchanga maji ya ziwa, wakayachota, yakarudi, wakayachota tena. Vipande vikavu waliwasha moto wa kupikia ugali, vilivyobaki vikaishia shimoni pamoja na matope. Mimi nilikaa juu, mgongo kwa Mama, hadi wakachoka. Nilipata nafasi ya kuokota kipande kimoja na kukificha kwenye kitenge, najua ndilo swali lako. Sikuthubutu. Papa Ngoie hakuniacha kwa macho, na kama angeniona nabeba uyoga badala ya kuyalinda madini, angegeuka aitazame picha upya. Alipoondoka nilirudi nikapekua, kila kibanzi. Palikuwa na majivu na maji.

Aliniaga vizuri. Hakukasirika, wachimbaji wamezoea mashimo matupu. Aliuliza tu, kwa uchovu, sasa ile shaba ya kaka yangu ni ya kazi gani basi. Nikamwambia ni meno ya uyoga, ya kulia mti. Aliwaza, akasema: "Basi uyoga ndio mchimbaji, Madamu. Siye tuko tunacheza." Wakapanda boti yao.

Hilo ndilo jibu langu. Gogo halipo. Uyoga wako haupo, na kama ulivyosema, wa Mpala na wa Moba haufai. Picha uliyoipata huenda ndiyo pekee utakayoipata. Nimeikatisha kazi yako kwa mkono wangu, nikitumia kazi yako mwenyewe, na nimeisema hadharani ili usiwatafute wengine wa kulaumu. Ungeniuliza kama najuta. Nakuhurumia, ndiyo, usingizi hauji vizuri ninapofikiria jinsi utakavyousoma ukurasa huu. Lakini kujuta, hapana. Leo ningeigeuza simu ile tena.

Nina hasira nawe, Yaya, na nina hamu nawe, na viwili hivyo vinalala kitanda kimoja. Najivunia ulichokiona. Nikiwafundisha wanafunzi kuhusu shaba ile ya bluu sauti yangu inapanda yenyewe, wananicheka. Sitaki uache. Nataka tu ujue kwamba huku nako kuna kitu kinachofifia wakati wewe unaangalia kule.

Ungetaka kujua kwa nini sikusimika msalaba mwenyewe, papo hapo, na mila ipite pembeni. Ningeweza. Mjomba angenung'unika, kisha angeshika nyundo. Saruji ninayo, imo chumbani. Lakini mkono wa kwanza kwenye ardhi ile ni wako, Mama alikuzaa wewe kabla yangu, na nikiuchukua mkono huo sitaweza kukurudishia. Nitakuwa nimekuzika nawe. Sitaki.

Ila usichelewe. Jana Mjomba alipiga tena. Kuna watu wamefika kwa boti kutoka upande wa Kalemie, wanatoka Nyunzu, wanauliza shamba la mama yake Mulonda liko wapi. Wana picha ileile kwenye simu. Amewaambia hajui, lakini Zongwe ni ndogo, watafika tu. Mimi napanda boti asubuhi. Sijui nitawaambia nini, kwa maana wakiigeuza picha hiyo upande wowote, juu ya ardhi ile sasa limebaki tuta peke yake.

Njoo, Yaya. Gogo la kuwapa sina tena.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Sifa